Mafundo Mawili Kwenye Kamba ya Njiwa

Ninyi vijana wa Mtongwe mkinikuta kibarazani kwangu huniuliza, "Mzee Swaleh, Ubelgiji kulikuwaje?" Nami nimezoea kuwajibu kwa maneno mawili: baridi, na madaraja. Mnacheka, mnakwenda zenu. Leo nataka kuwajibu sawasawa, kwa sababu wiki tatu zilizopita binti yangu Rukia aliniletea bahasha nene kutoka posta, na ndani yake mlikuwa na kipande cha kamba, urefu wake kama mkono wangu, upande mmoja kimekatwa kwa shoka, na kina fundo. Tangu siku hiyo kichwa changu hakijakaa. Nimeona niandike, huenda nikajielewa. Shule niliishia darasa la saba, kwa hivyo mkiona ninazunguka, nivumilieni.

Kabla ya Ulaya nilikuwa mfunga kamba kwenye matishari hapa bandarini. Tishari ni lile sanduku refu la chuma linalobeba mizigo majini. Wengi wenu mmeliona, hamjui jina. Aliyenifundisha ni mjomba wangu, ndugu yake mama, mtu mkali asiyependa maswali. Alinifundisha kwamba chombo kikifungwa gatini lazima kiachiwe kamba ya ziada, kwa sababu maji yatakupwa, na chombo kitashuka nayo. Ukikaza, maji yakishuka chombo kitaning'inia kama nguo kwenye kamba. Akanifundisha na fundo lake. Unazungusha kamba mara mbili kwenye nguzo ya chuma, unapitisha, halafu unarudisha mkia wake ukiwa umekunjwa, ubaki umetokeza kidogo. Fundo linashika kisawasawa, lakini ukiuvuta ule mkia linafunguka lote kwa mara moja. Mjomba akisema, "Fundo usiloweza kulifungua haraka si fundo, ni adui yako." Sijamwona mtu mwingine kulifunga vile, si hapa si kwingine.

Ulaya sikwenda kwa mipango. Nilipanda meli kama baharia, meli ikauzwa ikiwa katika bandari kubwa ya Ubelgiji, mabaharia tukaambiwa turudi makwetu. Wenzangu wakarudi. Mimi nikamkuta mzee mmoja gatini, mfupi, mwekundu wa shingo, anahangaika na kamba za tishari lake akitumia mkono wa kushoto. Nikamshikia kamba bila kuulizwa. Huyo ndiye Joris. Makaratasi yalichukua muda, lakini kazi ilianza siku ile ile.

Tishari lake liliitwa kwa lugha yao jina lenye maana ya Njiwa, nami nitaliita hivyo. Joris alikuwa nahodha na mwenyewe. Mkewe, Lieve, alikuwa mpishi na msimamizi wa kamba ya nyuma, na ukinong'onezwa ukweli, yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa chombo. Walikuwa na watoto wawili waliozaliwa humo humo ndani, Bartel na Katrin, wakati huo wamekwisha kuwa watu wazima na wanafanya kazi nchi kavu. Nyumba yao hasa ilikuwa ile Njiwa. Chumba cha nyuma kilikuwa na mapazia, maua dirishani, na saa ya ukutani.

Jambo la kwanza lililonichanganya ni maji yenyewe. Ile ni nchi ndogo. Wallahi, ukilala kidogo ndani ya treni unaamkia nchi ya wengine. Lakini wameikatakata kwa mito na mifereji hata unaweza kubeba ngano kutoka baharini ukaishusha mlangoni kwa mwenye kinu, kati ya mashamba ya ng'ombe. Siku moja nimesimama omoni, mbele kabisa, nikatazama chini nikaona magari. Si kando. Chini yetu! Mfereji ule ulikuwa umejengwa juu ya daraja, barabara inapita chini na sisi na tishari letu tunapita juu. Nikarudi nyuma mbio kwa Lieve. "Mama, kuna magari chini ya maji." Akaendelea kumenya viazi. "Naam," akasema, "na wao wanasema kuna meli juu ya gari."

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kiasili, na naona hakuna ambaye angelilifanya ila mtu wa pwani yetu. Joris aliniambia nifunge chombo kandokando ya mfereji, jioni ya siku yangu ya pili. Nikafunga kama alivyonifundisha mjomba, nikaacha kamba ya ziada ya kutosha kwa maji kupwa. Asubuhi nikaamshwa na honi. Maji ya mfereji hayajai wala hayapwi. Kwa hivyo ile kamba ya ziada ilikuwa ya bure, upepo ukalichukua tishari, mkia wake ukaenda ukalala upande wa pili. Tulikuwa tumeufunga mfereji mzima kama komeo. Matishari ya watu yamepangana foleni huku na huku, manahodha wamesimama juu na vikombe vya kahawa wanatutazama. Lieve akatoka na kitambaa cha jikoni begani.

"Swaleh! Unangoja bahari gani?"

Joris alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo, kila nikiwa mzito wa kazi, Lieve aliniuliza bahari yangu imefika wapi.

Basi nikajifunza: kwenye mfereji, kamba fupi na kaza. Mkono wangu ulichukua miezi kukubali. Mjue, kichwa hujifunza kwa siku moja. Mkono una shule yake.

Mimi nami niliwafundisha yangu. Nilimwamkia Joris kila asubuhi shikamoo, kwa sababu sikuweza kumwita mzee yule jina lake kavu nikiwa sijala. Akapenda neno. Akawa anawaamkia shikamoo walinzi wa madaraja, vijana wadogo, na mimi mwenyewe.

"Hapana," nikamwambia, "wewe mkubwa. Mimi naamkia, wewe waitikia marahaba."

"Kwa nini mimi nisianze?"

"Utaniombea umri nisiokuwa nao."

"Basi shikamoo, mzee," akasema, na akaondoka zake anacheka. Huyo ndiye Joris. Katika miaka yote sikumwitikia hata mara moja. Ningewezaje?

Madaraja yao mengi husimama wima chombo kikija, barabara yote inainuka na mistari yake, na magari yanangoja. Mengine hayainuki, na hapo tabu. Chombo kikiwa kitupu kinaelea juu, hakipiti chini. Mara moja tulifika kwenye daraja la zamani katika mji mmoja mdogo, tumeshusha kibanda cha usukani, tumejaza maji ndani, na bado tumezidi kwa unene wa kidole. Juu ya daraja palikuwa na kwaya ya kanisa, watu wanene wanene wametoka mazoezini, wamesimama kutushangaa. Lieve akawapigia kelele: "Nyinyi! Shukeni mpande, mtuzamishe kidogo!" Wakapanda wote, wakalala chali kwenye sitaha ili vichwa visigonge, tukapita wakiimba. Mlinzi wa daraja alivua kofia. Sijui kama ni uzito wa kwaya au ni maji yaliyopungua kidogo. Lieve alisema ni kwaya, na hapakuwa na wa kubishana naye.

Sasa niwaeleze kitu kidogo ambacho wakati ule sikukipa maana. Jioni tukifika mahali pa kulala, mimi nilifunga kamba ya mbele na Lieve ya nyuma. Akishamaliza, Joris hutoka kwenye usukani, hupita pale nyuma, huitazama kamba ya mkewe, kisha huongeza fundo moja juu yake kwa mkono wake wa kushoto. Moja tu, dogo, limeelekea kushoto. Kila jioni. Mimi nilidhani hamwamini. Siku moja nikamuuliza Lieve, "Mama, kwa nini hili la pili? Lako halishiki?" Akanitazama kama niliyemuuliza kwa nini anakula. "Linashika," akasema. "Basi la nini?" "La Joris," akasema, akaingia ndani.

Nikaliacha hapo.

Nikija kwenye malango ya maji, hapa nawaomba msikilize vizuri, kwa sababu ndipo palipo na habari yangu. Mto ukiwa na mteremko, hawaachi uteremke wenyewe. Wanaujengea ngazi. Kila ngazi ni chumba kirefu cha ukuta chenye milango miwili mikubwa. Unaingia, mlango wa nyuma unafungwa, maji yanatolewa kwa chini, nanyi mnashuka nayo kama ndoo kisimani, mpaka mkiangalia juu mnaona ukuta umewapita urefu wa nyumba. Kisha mlango wa mbele unafunguka, mnatoka.

Humo ndani kamba haifungwi. Unaipitisha kwenye nguzo iliyo juu ukutani, unairudisha chomboni, unaizungusha kwenye nguzo yako mara mbili, na mwisho wake unaushika kwa mikono. Maji yakishuka, unaachia kidogo kidogo. Usiizungushe mkononi hata mara moja, vidole vitakwenda nayo. Usisimame ndani ya duara la kamba iliyolala chini. Usisimame kwenye mstari wake, kwa sababu ikikatika inarudi kwa hasira. Na isikilize. Kamba iliyokazwa kupita kiasi hulia kwanza, sauti nyembamba kama mlango mkavu. Ukiisikia, umekwisha kuchelewa kidogo.

Kwa hivyo kamba moja ina kanuni tatu: gati la kwetu, legeza; kando ya mfereji, kaza; ndani ya lango, usifunge kabisa. Nilizijua zote. Nilizishika miaka mingi bila kosa.

Kisha Lieve akafa. Aliugua muda mfupi, wakamzika kwenye makaburi ya kijiji chao karibu na mto, na juu ya jiwe lake wakamchonga njiwa, kwa sababu watu wa matishari huko huandikwa kaburini pamoja na chombo chao. Ni kama kusema walikuwa wakiishi wapi. Joris hakulia mbele yetu. Siku ya kumi na mbili alisema, "Ngano haiwezi kungoja," tukaondoka wawili. Mimi nikachukua kamba ya nyuma, ya Lieve. Ya mbele, kwa kuwa hapakuwa na wa kuishika, tukaizungusha tu nguzoni kila lango ili ilegee yenyewe, na mmoja wetu akikimbia kuitazama.

Lango la tatu asubuhi ile lilikuwa refu kwenda chini. Mvua nyepesi. Nikaipitisha kamba ya nyuma, nikaizungusha, na hapo nikasikia mlinzi wa lango ananiita kutoka mbele, kamba ya omoni imekwama ukutani. Nilichokifanya nakikumbuka kama kucha zangu. Mikono yangu ilifunga fundo la mjomba. Kichwa kilisema ni la muda tu, nitarudi, na mkia wake uko nje, nikivuta litafunguka. Nikakimbilia mbele.

Pale mbele nilikawia. Maji yakaanza kushuka. Nikasikia kamba inalia. Nikageuka nikaona nyuma ya tishari imebaki juu na mbele inashuka, ndani nasikia vyombo vya jikoni vinaanguka kimoja kimoja, saa ya ukutani, maua. Nikakimbia. Joris alikuwa ameshafika kwenye kamba na shoka. Sikuona alichokiona yeye. Nilimwona tu akipiga mara mbili, kamba ikakatika, ikamchapa mkono wa kushoto, tishari likaanguka majini na kwenda kuupiga mlango wa lango.

Joris alipoteza ncha za vidole viwili. Mlango wa lango ulipinda. Wakaja wakuu wa mfereji, wanaume wawili wenye makoti ya mvua.

"Nani aliyefunga kamba hii?"

"Mimi," nikasema.

"Mimi," akasema Joris, mkono umefungwa taulo.

"Ni mimi, bwana. Nilifunga, nikaenda mbele."

"Swaleh, nyamaza. Nilifunga mimi."

Yule mkubwa wao akafunga daftari lake. "Miaka yangu yote watu wananiambia si mimi. Ninyi mnaligombea kosa kama kiti dirishani." Akamwandika Joris, kwa sababu ndiye nahodha. Kibali chake kikaondolewa, na kwa mtu wa umri ule hakirudi. Akaiuza Njiwa. Bartel, mtoto wake wa kiume, alikuja siku ya kuhamisha vitu. Alibeba kila kitu bila kumtazama baba yake, na mlangoni akasema, "Mama hajamaliza hata mwezi kaburini, umetupotezea na nyumba yake." Nikamfuata gatini nikamwambia ni mimi niliyefunga. Akaniambia, "Wewe ni mtu mzuri, Swaleh. Usimfichie."

Mnaona? Nilisema kweli, nikaonekana mwongo mwenye huruma. Na Joris nilidhani ndiye mwongo mwenye huruma. Nikafanya kazi kwenye vyombo vya watu wengine miaka mingi baada ya hapo, nikarudi nyumbani, na kila mwaka Joris aliniletea kadi yenye picha ya daraja, na nyuma yake maneno yale yale: shikamoo, mzee, kosa lilikuwa langu. Nami nilimjibu: marahaba siitikii, kosa lilikuwa langu. Tukazeeka hivyo.

Mwaka huu, baada ya Idi, mke wangu alifariki. Mama Rukia. Sina maneno mengi juu yake, na yeye angependa hivyo. Nataja kwa sababu moja. Rukia alihama kwa muda kutoka Mikindani aje akae nami, na asubuhi ya kwanza akanikuta nimeweka vikombe viwili mezani, na cha pili si chake. Akakiondoa. Kesho yake nikaweka tena. Wallahi sikukusudia. Nilikuwa najua kabisa kwamba mke wangu yuko kaburini, nilimshusha mwanandani kwa mikono hii hii, na mikono hii hii ikaenda kabatini ikatoa viwili.

Katika hali hiyo ndipo Katrin alipoandika kwenye simu ya Rukia. Joris amekufa. Wanatengeneza jiwe lake, litakuwa kando ya la Lieve. Katrin anataka achongewe njiwa kama mama. Bartel amekataa: mtu aliyeipoteza Njiwa kwa uzembe hatalala chini ya njiwa. "Mzee Swaleh," akaandika, "ndugu yangu anasema akisikia kwako kwa hakika kwamba baba hakufunga, atakubali. Katika sanduku la zana la baba nimekuta kipande cha kamba ile. Alikihifadhi. Nakutumia, kwa sababu wewe ndiye unayejua mafundo."

Ndiyo ile bahasha.

Nilikaa nayo mchana kutwa mapajani. Kamba imekauka imekuwa kama mti, fundo lina umbo la nguzo liliyoikumbatia. Kwanza nikaliona langu: mizunguko miwili, pito, na mkia uliokunjwa. La mjomba, halina mfano. Nikasema, alhamdulillahi, nilikuwa nasema kweli. Kisha nikaligeuza. Mkia wangu ule uliopaswa kutokeza haukutokeza. Ulikuwa umebanwa. Juu yake palikuwa na fundo jingine, moja tu, dogo, limeelekea kushoto.

Nikamwita Rukia.

"Mafundo mawili haya," nikamwambia. "La chini langu, la juu la Joris."

"Basi?"

"Basi na yeye alifunga. Miaka yote ile hakuwa ananifichia. Na alilifunga juu ya mkia wangu, ndiyo maana halikufunguka."

Rukia akalishika, akalipima mkononi. "Baba, hawa wameuliza kama wewe ulifunga. Ulifunga. Sema mimi nilifunga, wamchongee mzee wao ndege wake, yaishe. Si ndivyo ulivyosema tangu zamani?"

"Nilisema nikiwa sijaliona hili."

"Sasa utasema nini?"

"Sijui."

Na kweli sikujua. Nikisema ni mimi, nasema kweli na ninadanganya kwa pamoja. Nikisema yote, Bartel amepata alichokitaka, na Joris analala bila njiwa kwa ulimi wangu mimi, mtu aliyeharibu kwanza. Tena kitu kingine kilinitatiza zaidi. Mtu wa miaka arobaini ya kazi kwenye malango, aliyenifundisha mwenyewe kwamba humo hakufungwi, anapitaje pale, anaona fundo, na badala ya kulifungua na kunitukana, analiongezea jingine? Alikuwa hana wazimu. Hakuwa mlevi. Siku mbili nililiuliza lile fundo. Likabaki kamba.

Siku ya tatu, asubuhi, nilikuwa jikoni. Rukia akasema kwa upole kutoka mlangoni, "Baba, viwili tena." Nikatazama mezani. Nikatazama mikono yangu. Nikamwambia, "Mpigie Katrin. Sasa hivi."

Akaweka simu juu ya meza, akaweka spika.

"Shikamoo, Mzee Swaleh," Katrin akasema. Baba yake alimfundisha.

"Marahaba, mwanangu. Pole sana na msiba."

"Bartel yuko hapa. Anasikiliza."

Lugha yao nimebaki nayo ya kuvunjikavunjika, nikaisema hivyo hivyo. "Nimeliona fundo. Ni mafundo mawili. La chini nililifunga mimi. La juu alilifunga baba yenu, na lake ndilo lililolizuia langu lisifunguke."

Kisha sauti ya mwanamume, nzito: "Kwa hivyo alifunga."

"Alifunga, Bartel."

"Basi tumemaliza. Asante kwa kusema kweli."

"Ngoja," nikasema. "Sijamaliza. Pale nyuma palikuwa pa mama yako. Jioni tukifika, nani alikuwa akifunga kamba ya nyuma?"

"Mama."

"Na baba yako akipita, alikuwa akifanya nini?"

Nilisikia kiti kinavutwa upande ule wa dunia. Kisha Bartel akauliza, na sauti imeshuka, "La juu limeelekea wapi?"

"Kushoto."

"Moja?"

"Moja tu."

Rukia alikuwa amesimama na birika mkononi, haelewi lugha, ananitazama uso. Nikasikia Katrin anapenga pua. Sikuwaeleza zaidi, na sidhani kama palikuwa na la kueleza. Joris alipita pale nyuma siku ya kumi na mbili, akaona kamba ya mkewe imefungwa, na mkono ukafanya la kila jioni.

"Swaleh," akasema Bartel. "Umelifungua?"

"Bado."

"Usilifungue. Lirudishe kama lilivyo. Nataka kwenda nalo kaburini kabla fundi hajaja kuchonga njiwa."

Nikalirudisha. Karani wa posta alilitazama ndani ya bahasha, akanitazama mimi. "Mzee, hii ni nini?"

"Kamba."

"Kwani Ulaya kamba zimeisha?"

"Za namna hii zimeisha," nikamwambia, akagonga muhuri.

Mnanisikia, wanangu, sijui bado kosa lilikuwa la nani. Langu peke yake pengine lingefunguka. Lake peke yake lisingekuwapo kama langu halikuwapo. Nikifika hapo kila mara hurudi mwanzo. Siku hizi nasikia malango yale yanaendeshwa kutoka mbali, mtu anatazama kioo, na nguzo zinashuka zenyewe pamoja na maji. Huenda hamtahitaji niliyowaambia. Lakini mkipata kazi kwenye kamba, popote, ndani ya lango ishikeni, msiifunge. Na mwenzenu akifiwa, akarudi kazini akasema yuko sawa, mwamini, ila msimwachie kamba peke yake.

Leo asubuhi nimeweka vikombe viwili tena. Rukia alikiona cha pili, akanyoosha mkono akiondoe. Akausimamisha hewani kidogo. Kisha akavuta birika, akamimina chai katika vyote viwili.